Dakika Mbili za Ziada

Kasha la diski lilisema wimbo wa tano una dakika tisa. Jumapili ile ya mwaka 2003, kwenye mashine ya studio, ulifika ya kumi na bado unaendelea.

Elkana hakushtuka mara moja. Alitangaza kipindi cha redio cha alasiri cha Wakenya na Wakongo wa Dallas, na kazi yake ilikuwa kusema albamu mpya ni nzuri au ni takataka. Hii ya vijana wanne wa Fort Worth, gitaa na ngoma tu bila mwimbaji, muziki wa majaribio wanaouita post-rock, alishaipenda.

"Wasikilizaji, huu ni muziki wa kungoja," alisema hewani. "Gitaa linauliza, ngoma inakataa kujibu. Mimi naipa nane kwa kumi."

Neno kungoja likamchoma. Mama yake, Bertila, alipofariki Kisii mwezi Machi, Elkana aliwapigia ndugu zake simu akasema, "Msizike, nakuja." Hakuwa na makaratasi. Akitoka Marekani harudi tena, na alilijua hilo hata alipokuwa akiahidi. Maiti ilimngoja mochari siku ishirini na tatu, mwishowe wakazika bila yeye.

Sasa ndani ya gitaa alisikia akala, zile ndala za matairi, zikiburutwa sakafuni, polepole, mguu wa kushoto ukichechemea kama wa mama, na harufu ya dawa ya mochari ikaingia studioni ambamo hamkuwa na dirisha hata moja, ikamkaa kooni, huku kikohozi alichokijua tangu utotoni kikitoka, si kwenye spika, bali nyuma ya kiti chake, ambako hakuthubutu kugeuka.

Simu ikawaka. Alikuwa Rosette, Mkongo wa Mansfield, msikilizaji wa kila wiki.

"Elkana," akanong'ona, "ule mama nyuma yako, iko nalia juu ya nini?"

Ng'ambo ya kioo, Wawira, fundi mitambo, akabonyeza kitufe cha kuongea naye. "Hata mimi namsikia. Zima hiyo CD, please."

Hakuzima. Aliisogeza maikrofoni, machozi yakimtiririka, akasema yale yaliyomshinda kwenye simu ile ya Machi.

"Mama, nilidanganya. Singeweza kuja. Usiningoje tena, lala."

Gitaa likanyamaza. Mashine ilisoma dakika kumi na moja. Wawira akashusha pumzi.

Kisha, kwenye vipokea sauti vyake, karibu kabisa na sikio, ikaja sauti iliyochoka kwa safari.

"Basi, Elkana. Nimekuja mimi."

Elkana akavuta kiti cha wageni, akakiweka kando yake.