Aliyemwagiwa Maji ya Wali

Maji hayakulia. Truphena alisimama nyuma ya boti, sufuria ameiinamisha, akayatazama maji ya wali yakishuka na mvuke wake mpaka baharini bila kishindo, kama yaliyomwagwa juu ya godoro. Akatikisa sufuria. Punje zilizobaki zikaanguka, nazo kimya.

"Baridi imeniziba masikio," akajiambia, akarudi jikoni.

Kilikuwa kiangazi cha 2016 na Jeddah ilikuwa tanuri. Bosi wake, Baba Talal, aliazimwa boti na kaka yake wa Riyadh, akaipeleka familia Norwe, kaskazini kabisa, ambako bahari huingia katikati ya milima kwa vichochoro virefu visivyo na nyumba wala mbuzi. Mkewe, Madam Hanan, alipiga picha kutwa, akihakikisha mfanyakazi haonekani hata kisigino. Truphena hakujali. Madam alikuwa ameapa kwamba wakirudi atampa viza ya kutoka nchini aende kwao Vihiga, kwa bintiye Rosebellah, aliyemwacha akinyonya na ambaye sasa anasoma chekechea.

Nyumbani kwa bosi, mtaa wa Aziziya, Jeddah, kulikuwa na sheria: humwagi maji ya moto kwenye sinki kabla ya kusema bismillahi, ili walio huko chini wapishe. Truphena, mlokole wa kanisa la mabati, aliisema vile alivyovua viatu mlangoni; nyumba ya watu ina desturi zake. Lakini siku ile sinki ya boti iliziba, na alipofika pale nyuma, katikati ya maji ya Wazungu, aliona ni kujipa kazi. Majini ya Waarabu yatafuata nini huku bila koti?

Jioni ile, kama jua lisilotua lina jioni, Lulwa, mtoto wa madam, mwenye miaka minne, alisukuma sahani.

"Unaniunguza."

Wali ulikuwa umepoa zamani. Kisha ikaja harufu ya mawe mabichi na wanga uliochacha, ikaganda chumbani mwa mtoto. Madam akafukiza udi, na harufu ikaukalia udi kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenyeji.

Yassir, Mzanzibari aliyekuwa mhudumu wa boti, alimvuta Truphena nyuma ya mlango wa stoo.

"Dada, nambie kweli. Ulimwaga nini pale nyuma?"

"Maji ya wali."

"Ukapiga bismillahi?"

"Yassir, mimi ni Mkristo."

"Dini yako sijaiuliza! Ungemtaja huyo huyo Yesu wako, ungekuwa umebisha hodi. Umemwagia mtu moto nyumbani kwake."

"Nimwambie madam?"

"Weye! Hawatasema bahati mbaya, watasema uchawi. Hiyo viza utaiota tu, na shingo yako itakuwa mashakani. Nyamaza."

Akanyamaza. Alinyamaza kitu kilipoanza kugonga chini ya sakafu, taratibu, kama kidole kinachotafuta mahali palipo laini, na popote walipomhamishia Lulwa kikahamia. Alinyamaza shingo ya mtoto ilipoota malengelenge, na yeye mwenyewe akiyapaka dawa huku mwanga mweupe usiozimika ukipenya mapazia, mwanga usiomwachia mtu hata kona ya kufichia uso, na katika mwanga huo akaona nyayo za maji zikitoka dirishani hadi kitandani, nyembamba, ndefu kuliko za mtu, na hakuna hata moja iliyokuwa ikirudi.

Madaktari walishindwa. Familia ikaruka moja kwa moja hadi Riyadh, kwa kaka yake bosi, na shehe akaletwa kutoka mtaa wa Shumaisi kuja kumsomea mtoto Kurani. Truphena aliamriwa kushika miguu ya mtoto. Ilikuwa baridi kama samaki wa friji.

Shehe alisoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo kinywa cha Lulwa kikafunguka, na sauti ya mwanamke mzima ikatoka, ya upole kabisa.

"Mwanangu alikuwa amelala. Nilimlaza juu juu, penye jua."

Madam akajiziba mdomo.

"Nani alimmwagia?" shehe akauliza.

Kifua cha mtoto kikapanda, kikashuka, kikakawia kupanda tena. Truphena aliitazama midomo ile ikigeuka buluu, akaona mingine, midogo kama hiyo, iliyokuwa ikinyonya.

"Ni mimi," akasema. "Sikujua. Nisamehe, mama."

Macho ya Lulwa yakamgeukia.

"Nawe unaye wako," sauti ikasema. "Basi huyu nimemwacha."

Mtoto akatapika maji ya chumvi yenye punje za wali, kisha akaomba juisi. Watu wakalia, wakamshukuru Mungu, wakakumbatiana. Shehe peke yake hakutabasamu.

"Huyo kashikamana na aliyemwaga," alisema akifunga mkoba. "Atakwenda naye mpaka kwa mwanawe. Mimi nilichoweza nimekifanya."

Waliporudi Jeddah, madam alimtupia Truphena pasipoti yenye viza. Polisi hakuwaita, wangemzuia nchini, naye alimtaka nje.

"Madam, nakuomba nibaki. Nitafanya kazi bure. Nitalala nje."

"Mafi, hakuna! Si ulikuwa unalia kila siku unataka kwenda? Halas, yamekwisha. Yalla, nenda."

Akampigia mama yake simu. "Mama, mchukue Rosebellah umpeleke mbali. Usiniambie wapi."

"Umeanza wazimu wa Uarabuni?" Mama alicheka. "Tushafika Nairobi kukupokea. Huyu hapa, hataki kulala, ongea naye."

"Mama!" kasauti kakaita. "Unakuja na nani?"

Truphena akakata simu.

Langoni, Lulwa, mzima kama zamani, alikuwa mikononi mwa baba yake. Akampungia Truphena mkono. Halafu akainua macho, juu kidogo ya bega lake, akapunga tena.