Misumari Iliyolala Kushoto

Watu wa Mbeya walichekwa kwa ajili ya kiwanda kile, na walistahili. Nani mwenye akili timamu anaunda boti mlimani, mahali ambapo mto wa karibu mbuzi anauvuka bila kulowa magoti? Lakini tajiri aliyekijenga mwaka 1951 alikuwa na sababu zake. Mbao zilikuwa huku juu, mafundi nao huku juu, na Ziwa Nyasa lilikuwa halihami. Boti ikikamilika ilipakiwa kwenye lori, ikateremshwa kwa njia ya Tukuyu hadi Mwaya. Basi yakasimama majengo matatu: banda refu la bati la kuundia, kibanda cha msumeno, na stoo ya lami iliyonuka hadi barabarani.

Halfani, mzaliwa wa Ipogolo, Iringa, ambaye baba yake alitoka Kilwa, alikuwa mpigaji wa misumari. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje ya boti akapigilia, mwingine hukaa ndani akaikunja ncha ya msumari inapotokeza, ubao usije ukachomoka. Wa ndani wake alikuwa Lutengano, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu wa mashoto. Misumari yake yote ililala kushoto, imenyooka kama nywele zilizochanwa. Kwa kuwa ubao ni mnene na sauti haipiti, walizungumza kwa nyundo. Wa ndani akigonga mara tatu maana yake: nipo tayari. Wa nje akijibu mara tatu, kazi inaanza. Lutengano alikuwa na mdundo wake mwenyewe, vipigo viwili vya haraka na cha tatu kikichelewa, kwa sababu kidole chake kimoja kilikuwa kimekufa ganzi. Miaka mitatu walifanya hivyo, na Halfani angeutambua mdundo ule hata usingizini.

Palikuwa na sharti moja. Lililetwa na fundi mkuu, Mzee Matano, kutoka kwao pwani. Kwenye omo, mbele kabisa ya kila boti, huachwa kijichumba kitupu cha hewa, ili boti ijaapo maji isizame. Ubao wake wa mwisho hupigwa misumari mifupi isiyokunjwa, maana ndani hakuna mtu. Mzee Matano aliwaambia kwamba ubao huo ukishafungwa, kitakachogonga si binadamu, na atakayekijibu ataitwa ndani. Mafundi wa bara walicheka kidogo, kisha wakalishika sharti kuliko hata yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwaka 1954, mchana wa ukungu. Lori lilikwisha kufika, dereva ananuna. Lutengano alikuwa ndani ya omo akipaka lami, na lami ile ya moto ukiivuta sana hulewesha kuliko ulanzi. Halfani alitumwa stoo. Misumari mifupi ilikuwa imekwisha, akarudi na mirefu. Mzee Matano akasema hakuna neno, haraka ni haraka, akaipigilia mwenyewe.

Halfani aliuliza mwenzake yuko wapi. Mtu mmoja akajibu, bila hata kugeuka, kwamba amekwenda kula.

Ubao ulipokwisha kufungwa, kitu kikagonga ndani.

Viwili vya haraka. Cha tatu kikachelewa.

Mzee Matano aliinua mkono.

"Asijibu mtu," alinong'ona.

Halfani alijua. Ndiyo, alijua, na mimi sitamsafisha kwa maneno matamu. Aliujua ule mdundo. Nyundo ilikuwa mkononi mwake. Lakini wenzake kumi na mmoja walikuwa wakimtazama, na sharti lilikuwa sharti. Na vipi kama si yeye? Akaiweka nyundo chini, taratibu, isije ikalia. Boti ikapakiwa. Lori lilipopita getini, kikagonga tena. Mara tatu. Halafu mteremko ukalichukua.

Jioni Marta, mke wa Lutengano, alikuja kumuulizia mumewe. Mzee Matano akamwambia amekimbilia Chunya kwenye dhahabu, kama walivyofanya wengi. Marta akalitazama koti lililoning'inia kwenye msumari.

"Chunya bila koti lake?" alisema. "Haya. Mimi nitangoja."

Akalichukua koti. Kila siku akaja kukaa getini nalo mapajani.

Wiki haikupita, boti zilizofungwa zikaanza kugonga. Kila moja. Mchana, watu wakiwa kazini. Mzee Matano akaleta kisomo, akachinja na mbuzi. Zikagonga wakati nyama inaliwa. Mafundi wakaacha kazi mmoja mmoja, na kabla ya mwaka kwisha tajiri akafunga kiwanda. Banda likageuzwa ghala la pareto, likakosa mlinzi hadi leo.

Wiki ile ile ya kufunga, boti ile ilirudishwa kutoka Mwaya. Wanunuzi walilalamika kwamba inainamia mbele, kana kwamba omo limebeba mtu. Halfani aliufungua ubao mwenyewe, Marta amesimama nyuma yake na koti.

Ndani hamkuwa na kitu. Wala mfupa, wala nguo, wala nyundo. Harufu ya lami tu.

Lakini ile misumari mirefu ya Mzee Matano ilikuwa imekunjwa, yote. Imelala kushoto.

Marta aliigusa kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji," alisema polepole, "mwenzio aligonga. Ulisikia?"

"Sikusikia," Halfani akasema.

Aliona aibu hata kabla ya kumaliza kulisema, lakini neno likitoka limetoka. Akarudi Ipogolo, akawa seremala wa milango. Alipigilia peke yake, na kila alipougeuza mlango alikuta misumari imekunjwa, imelala kushoto. Aliivumilia miaka minne. Wateja walimsifu kwa kazi safi, na sifa zile zilimla moyo.

Mwaka 1958 akashindwa. Akamtumia Marta salamu kwa dereva wa basi: njoo Iringa, nina neno lako.

Siku ambayo Marta alitarajiwa, Halfani alikuwa karakanani akifunga kasha la nguo. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Akapiga msumari wa mwisho. Kitu kikagonga ndani. Viwili vya haraka. Cha tatu kikachelewa.

Hakukuwa na mtu wa kumtazama. Hakukuwa na Mzee Matano wa kuinua mkono.

"Nilikusikia," akanong'ona. "Siku ile. Nilikusikia."

Akainua nyundo. Akajibu mara tatu.

Basi la Mbeya lilifika adhuhuri. Marta aliikuta karakana wazi, nyundo iko sakafuni, kasha limepigiliwa pande zote. Jirani akamwambia asiwe na wasiwasi, fundi amekwenda kula. Wakangoja hadi alasiri. Hakutokea, na hajatokea tena.

Mwishowe walilibandua kasha. Lilikuwa tupu, likinuka lami, na Halfani hakuwa ameshika lami tangu Mbeya. Misumari yote ilikuwa imekunjwa kwa ndani. Safu moja ililala kushoto. Safu ya pili ililala kulia.

Marta alilikunja koti, akaliweka ndani ya kasha, akaenda kungoja basi la kurudi.