Fundo la Begani

Claudine wa mtaa wetu wa Hewa Bora alirudi kutoka Msumbiji na mtoto mgongoni, mtaa mzima tukatoka kumpokea. Alikuwa amekwenda na wajitolea wa parokia kusaidia watu wa mafuriko. Tangu aolewe na Dédé hakuwahi kushika mimba, na mawifi walikuwa wamemsema mpaka wamechoka wenyewe. Sasa ana Gracia. Mama wa mtoto alichukuliwa na maji, alituambia. Tukala, tukacheza.

Jamani, alitudanganya.

Yule mama alikuwa mzima, amekaa juu ya paa la mabati, maji yamefika dirishani. Mashua ilikuwa imejaa. Kule kaskazini wanasema Kiswahili cha pwani, kwa hiyo Claudine alimwelewa vizuri sana. Yule mama alimfunga mtoto mgongoni mwa Claudine kwa kanga yake mwenyewe, fundo moja kubwa begani.

"Nakuachia mwanangu," alisema. "Rudi unichukue."

Walipofika nchi kavu, mwendeshaji akaenda kutafuta mafuta. Stanislas, mwenzake wa parokia aliyepanga safari za mashua, akauliza kama upande ule kumebaki mtu. Claudine alishika vile vidole vidogo vya miguu vilivyokuwa kiunoni mwake. Vilikuwa na joto.

"Akuna muntu tena," akajibu.

Mashua ikapewa mwendeshaji mwingine, ikapelekwa upande mwingine.

Kiangazi kikaingia, na huku kwetu kiangazi ni vumbi na baridi, tone la mvua hulioni. Kanga ikafuliwa, ikaanikwa, ikakataa kukauka. Claudine aliifungia sandukuni. Asubuhi akamkuta Gracia kitandani amefungwa nayo, fundo begani, na yeye fundo hulifunga kifuani kama sisi wote. Akaitupa kwenye mbabula, juu ya makaa mekundu. Kanga ikamwaga maji mpaka makaa yakazimika.

Mama Christiane, jirani yake, aliliona lile jivu lililolowa. Akamvuta pembeni, akamnong'oneza, "Mama Gracia, mama ya ule mutoto, ulimuona amekufa?"

Claudine akatazama chini. Angeweza kusema. Bado kulikuwa na nafasi ya kumrudisha mtoto kwa watu wake, naye alijua.

"Mutoto ni wangu," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango kwa kitasa.

Ilikuwa mchana, jua kali. Tulikuwa tunapepeta unga uani. Tukasikia sauti ya mwanamke ndani ya ile nyumba, wala si ya Claudine. Ilisema taratibu, bila hasira.

"Nilikwambia urudi."

Kisha maji. Maji mengi, yanagonga kuta. Claudine aliita mara moja. 

Dédé alivunja mlango. Sakafu ilikuwa kavu. Claudine amelala chali, amekufa, nywele zimelowa chapachapa, kinywa kimejaa mchanga mweupe. Mtoto hayupo. Tulimtafuta chini ya kitanda, sandukuni, kila mahali, mpaka tukasikia kicheko juu.

Gracia alikuwa amekaa juu ya mabati, peke yake, amefungwa kanga. Tulimshusha kwa ngazi. Nilimfungua mimi mwenyewe lile fundo la begani, na ile kanga ilikuwa kavu kabisa.

Dédé alimpeleka mtoto Msumbiji, kwa mama wa yule mama wa paani, na huko Stanislas na yule mwendeshaji wa kwanza wakamsimulia yote. Akarudi akapaka nyumba rangi, mara mbili. Mstari wa matope, usawa wa shingo, umezunguka kuta zote nne mpaka leo. Ukiugusa, mkono unatoka umelowa.