Swali la Safari Juu ya Bunduki ya Papa

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamuke wa miaka ishirini na saba, ninaishi Murara, hapa Goma, na sina bwana. Musinionee huruma mbio, ngojeni kwanza niwaelezee!

Papa yangu alikuwa fundi wa kushona. Mama alikufa ningali mudogo, tukabaki sisi wawili. Juu ya plafon, ile dari ya nyumba yetu, kulikuwa bunduki ya zamani ya kuwindia, yenye mitutu miwili, imefungwa ndani ya koti ya mvua. Kila mara Papa aliishusha, akaipaka mafuta yale yale ya mashini ya kushona, akairudisha. Hakuipiga hata siku moja. Nikimuuliza ni ya nani, anasema tu: "Iko na mwenyewe." Basi!

Ndipo akaja Safari... Alikuwa anapakia maharagi kule muji wa Kiwanja na kuyaleta Goma. Kijana wa heshima, sauti ya pole. Alisema wazazi wake walipotea wakati wa fujo, akalelewa na mujomba. Huyo mujomba ndiye alikuja kuniomba kwa Papa. Papa hakuuliza zaidi, maana hapa kwetu nani hakupoteza mutu? Akamuita Safari mukwe. Nilikuwa na furaha, jamani!

Siku moja tukinywa chai nikamutajia ile bunduki. Safari akaacha chai ikapoa. Akaniuliza kama kitako chake kimefungwa na waya ya shaba. Nikashangaa, kwa sababu waya ilikuwepo kweli! Alijuaje? Akasema bunduki nyingi za zamani zinatengenezwa hivyo. Na mimi, kichwa maji, nikaamini.

Tangu hapo hakunipa amani. Ilitoka wapi? Nani aliileta? Aliniambia nichunguze, lakini nisimutaje kwa muzee. Nikaona ni mapenzi ya vitu vya zamani tu. Nikapanda Masisi kwa shangazi yangu. Akanieleza kwamba muzungu mumoja wa shamba ya kahawa aliiacha kwa kapita wake, yule musimamizi wa wafanyakazi, siku alipohama. Fujo ikaingia, kapita akapotea. Kisha bunduki ikaonekana kwa Papa, wakati huo akishona kule kule Masisi. Namna gani? Shangazi hakujua.

Nikarudi nikamueleza Safari yote. Akalia... Nikamupangusa machozi na kitenge changu, mimi mwenyewe!

Jumapili iliyofuata, tukitoka misa, tulikuta askari mulangoni. Safari alikuwa mbele yao, anaonyesha plafon kwa kidole. Mungu wangu! Alipiga kelele kwamba Papa aliua baba yake na kumunyang'anya bunduki, ile yenye waya ya shaba ambayo mujomba alimuelezea.

Papa alimuangalia, akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu!

"Wewe ni mutoto wa kapita?" akamuuliza. "Baba yako aliniachia hii siku alipokimbia, wewe ukiwa mugongoni mwa mama yako. Alisema asiporudi, nikupe wewe. Nimekutafuta mpaka nikachoka. Kwa nini hukunitajia jina la baba yako, mwanangu?"

Safari akaanza kuwashika askari mikono, anasema amekosea, wamuache muzee. Nani atamusikia? Bunduki bila karatasi ya ruhusa imeshaonekana! Walimutupa Papa ndani ya gari yao, na bunduki ikaenda kwa mukubwa wao. Mupaka leo anawinda nayo.

Papa alikufa gerezani kabla musimu wa mvua haujaisha. Hata maiti yake walinipa kwa shida.

Safari alikuja kilioni, akapiga magoti mbele ya watu wote. Sikumufukuza. Yeye alipoteza baba mara mbili, na mimi nilipoteza kila kitu... Sasa ninashona kwenye mashini ya Papa, na kila nikishika kile kikopo cha mafuta, ninakirudisha bila kukifungua. Wanaume wengine wameniomba. Siwezi, roho yangu imekufa.

Dada zangu, ninawaomba na machozi: mupenzi wako akikutuma kumuchunguza muzazi wako kwa siri, kataa! Mushike mukono, mupeleke mbele ya muzee, aulize kwa kinywa chake mwenyewe. Safari angetaja jina moja tu, la baba yake, Papa angepanda juu ya kiti, angemushushia bunduki yake, na angesema nimuongezee chai.