Ngumi za Hewani

Mkono uliokufa uliinuka kwanza ndani ya runinga.

Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, saa kumi jioni, jua limeingia dirishani mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Mkono wa kushoto alikuwa ameukunja mbele ya kidevu. Wa kulia ulining'inia ubavuni, mzito na baridi, kama ulivyoning'inia kwa miezi saba tangu kiharusi kilipompiga akiwa amemshika mteja sikio. Lakini bondia wa kwenye skrini, ambaye mashine ilimchora kwa kufuata mwili wake, aliinua mikono yote miwili.

Kinyozi akautazama mkono wake. Umelala. Akatazama skrini. Ngumi ya kulia imepanda, imekaza, inangoja.

"Kamera nayo imezeeka," alijisemea, akazima.

Watu wa mtaani walimwita Wembe. Si kwa ukali, maana hakuwa na ukali hata wa kumfukuza paka jikoni. Ni kwa wepesi wa ule mkono: ungesinzia kwenye kiti chake, ukaamka ndevu hazipo na hukumbuki kuguswa. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla ya kiharusi. Binti yao wa pekee alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na sauti yake ilikuja kwa simu kila Ijumaa. Kibanda cha kunyolea kilibaki kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele alizowahi kukata.

Gemu lilitumwa na binti.

"Ni la ngumi, baba. Hakuna cha kushika wala cha kubonyeza. Unasimama mbele ya runinga, kamera inakuona. Ukirusha ngumi, bondia wako anarusha."

"Na mvi zangu hizi nipigane na hewa? Majirani watasema kiharusi kimepanda kichwani."

"Funga pazia. Cheza."

Hakucheza. Boksi lilikaa juu ya kabati mpaka lilipoonwa na mtaalamu wa viungo, mama mnene mwenye viganja vya moto aliyekuja kumnyoosha mara mbili kwa wiki.

"Mzee wangu," alisema, "nikikuambia inua bega mara ishirini, unainua sita unalalamika. Wala sikulaumu, kuinua bega bila sababu kunachosha. Lakini mtu akikujia na ngumi ya uso, utahesabu? Ubongo wako umeusahau huo mkono. Upe sababu ya kuukumbuka."

Basi akacheza, na mama yule alikuwa amesema kweli. Siku ya kwanza aliangushwa mara tatu, na mara ya tatu akacheka peke yake, kicheko kilichoishtua nyumba. Wiki ya pili aliiacha fimbo yake nyuma ya mlango. Alijifunza kurudi nyuma hatua moja, kuinama, kuchomoa ngumi ya kushoto mpinzani akiwa bado anajivuna. Bega la kulia lilianza kutikisika lenyewe, likitaka kuwemo. Alitoka jasho, akala vizuri, akalala. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia binti yake: kwamba kwa nusu saa kila jioni, kulikuwa na mtu anayemngoja.

Ndiyo maana siku mkono ulipoinuka kwenye skrini, aliogopa kidogo tu, na kesho yake akawasha tena.

Jioni hiyo bondia wake alipigana kwa mikono miwili. Kinyozi alirusha ya kushoto, na kwenye skrini ngumi ya kulia ikafuata, kali, safi, kama yake ya ujanani. Akapiga hatua mbili nyuma. Sakafu ikalia mara tatu. Akasimama. Maandishi yakajitokeza chini ya skrini: wachezaji wawili wameonekana.

Akageuka polepole. Kochi. Pazia. Ile pembe ya ukuta ambayo haikukauka hata kiangazi. Na harufu, ambayo kinyozi hawezi kuikosea, ya nywele zilizoungua.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kitu kilimwingia begani, taratibu, kama mguu unavyoingia kwenye soksi, kikashuka kwenye kiwiko, kikashuka kwenye kifundo, kikajaza vidole kimoja baada ya kingine. Na mkono wake wa kulia, ule ambao alikwisha kuulilia kama anavyoliliwa maiti, ukapanda mpaka mbele ya macho yake na kujikunja ngumi.

Kinyozi akakaa sakafuni, akalia. Ijumaa ilipofika alimwambia binti yake kuhusu mkono. Kuhusu harufu hakusema neno.

Mtaalamu wa viungo aliushika mkono ule, akaugeuza huku na huku, akakunja uso.

"Unafanya kazi," alisema. "Lakini mbona ni wa baridi? Mkono unaofanya kazi huwa na joto, mzee wangu."

"Damu ya uzeeni hiyo."

Mama yule hakucheka.

Kinyozi akaendelea kucheza kila jioni. Sasa alisikia pumzi pembeni yake, ikipanda na kushuka sambamba na yake. Akishinda, pumzi ile ilikatika kwa furaha. Akichelewa kuwasha, kitu kiligonga ndani ya ukuta wenye unyevu, mara moja, kwa adabu. Alijua kwamba mtu mwenye akili angehama nyumba. Lakini mtu mwenye akili hakuwa ameishi karibu miaka miwili akila mbele ya kiti kitupu.

Mwezi haukuisha akarudi kazini. Shemeji yake alimpokea kwa vigelegele, akajitupa mwenyewe kwenye kiti.

"Wa kwanza mimi! Ukinikata, nani atakayelalamika? Dada yangu hayupo. Ninyoe."

Kinyozi akampaka povu, akaunoa wembe, akaanza. Mkono ulikwenda kama maji. Shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya pua. Shemeji aliongea wakati wote, kama kawaida yake.

"Nimefikiri, shemeji. Wewe uko peke yako kwenye nyumba nzima, mimi napanga chumba kama kiberiti. Jumamosi nahamia kwako. Na ile runinga uliyoibandika pembeni tutaihamisha, tuweke kitanda changu pale. Usibishe."

Wembe ukasimama kwenye koo.

Kinyozi aliuamuru uendelee, haukuendelea. Akaamuru uondoke, haukuondoka. Ukabaki pale juu ya mshipa unaopigapiga, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kibandani mchana kweupe, huku nje watu wakipita wakisalimiana, na alipoinua macho kwenye kioo cha ukutani aliona kitu ambacho shemeji yake naye alikuwa anakiona wakati huohuo, kwa sababu maneno yalikuwa yamemkauka mdomoni: kwenye kioo, mkono wa kulia wa kinyozi ulikuwa umening'inia ubavuni, umelegea, umekufa kama siku zote, na wembe ulikuwa umesimama hewani kwenye koo bila mkono.

"Shemeji," alinong'ona yule mwanamume, bila kuthubutu kumeza mate. "Nani kashika wembe?"

Kinyozi aliukamata kwa mkono wa kushoto, kwenye makali. Wakavutana. Alipofaulu kuung'oa, kiganja chake kilikuwa kinachuruzika damu, na shingoni mwa shemeji kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

Mganga, aliyeitwa na shemeji, alikuja kesho yake asubuhi. Alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa uzi, akavua viatu mlangoni na kuomba maji ya kunywa kama mgeni yeyote. Alisikiliza habari yote, kisha akasema, "Hebu niwashieni huo mchezo."

Kinyozi alisimama mahali pake. Shemeji alikaa kochini, kitambaa shingoni. Skrini ikawaka: wachezaji wawili wameonekana. Mganga alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mahali bomba linapovuja.

"Watu husema hewa ni tupu," alisema. "Si tupu. Umesimama hapa jioni baada ya jioni unairushia ngumi, ukadhani hazimpati mtu?" Akaugeukia ukuta wenye unyevu. "Mwenyeji, tunakuomba useme."

Kinywa cha kinyozi kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana, yenye kigugumizi, kama ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Sikumdhuru. Yeye ndiye aliyeniita. Nilikuwa hapa kabla ya kuta. Hakuna aliyewahi kusimama akanitazama. Yeye alisimama. Akanigusa. Kila siku akanigusa."

"Na wembe?"

"Huyu alisema anahamia. Alisema ataweka kitanda pangu. Mimi ningekwenda wapi?"

Shemeji alijikunyata kochini. Mganga alivua miwani, akaipangusa.

"Mimi siwezi kumtoa," alimwambia kinyozi kwa upole. "Umemkaribisha wewe, utamuaga wewe. Na ujue, akiondoka anaondoka na chake."

Kinyozi akautazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimekamata vyake vya kushoto, juu ya bandeji, kwa uangalifu, visije vikamuumiza. Hakumbuki alikaa vile muda gani. Shemeji yake anasema chai ilipoa.

"Umenifaa," kinyozi alisema mwishoni. "Mungu anajua umenifaa. Lakini huyu ni ndugu wa mke wangu. Mchezo umekwisha. Nenda, bwana."

Kitu kiligonga ndani ya ukuta mara moja. Kisha baridi ikatoka kwenye vidole, kwenye kifundo, kwenye kiwiko, na mkono ukaanguka ubavuni kama gunia la maji. Maandishi kwenye skrini yakabadilika: mchezaji mmoja.

Shemeji alihamia Jumamosi. Alilala na taa inawaka mwezi mzima, lakini hakuondoka. Mtaalamu wa viungo alisema waanze upya, na kwa gemu lilelile, kwani kosa halikuwa la ngumi. Wakaanza. Sasa shemeji husimama pembeni yake, wanapigana wawili dhidi ya mashine, na shemeji anavyoangushwa ni kichekesho. Mwezi wa nne tangu waanze upya, kidole gumba cha kulia cha kinyozi kilijikunja. Kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Kilikuwa cha moto.

Siku hizi, kabla ya kuwasha, kinyozi husimama mbele ya ukuta akasema kwa sauti, "Tunaomba nafasi, tunacheza." Mganga ndiye aliyemfundisha, ili asimpige mtu bila kukusudia. Akishasema, ananyamaza kidogo, asikilize kama kuna atakayejibu.

Shemeji yake anasema hanyamazi kidogo. Ananyamaza mpaka skrini inajizima yenyewe.