Siku Mabruki Alipolazwa Kifudifudi

Mabruki alikuwa fundi charahani wa mtaa wa Kanyenye, na mdomo wake haukujua likizo. Ukimpelekea charahani iliyokwama, unaondoka na charahani inayozunguka na umbea wa mtaa mzima. Kwa hiyo aliponyamaza, mkewe Zamda alipaswa kushtuka. Wapi! Alidhani ni mafua tu.

Na kweli yalianza kama mafua. Kikohozi, homa, mwili kuuma. Zamda akachemsha majani ya mwarobaini, akamfunika mumewe blanketi, akampiga nyungu avute mvuke. Asubuhi nyungu, jioni nyungu. Mabruki akawa anahema kama amepanda mlima, na huku ameketi kitandani. Akitaka kuomba maji, anapumzika katikati ya maneno. Midomo ilipobadilika rangi, ndipo Zamda alipoita bajaji.

"Virusi vimeshambulia mapafu yote mawili," daktari alisema. "Mbona mmechelewa hivi?"

Mabruki akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mtaani kwao kila mtu alikuwa na habari za chumba kile: mtu anaingia akizungumza, anatoka amefunikwa shuka.

"Kuna nini humo, hata ndugu hatukai?" Zamda alimuuliza Nurdini, mdogo wake Mabruki.

"Shemeji, we acha tu," Nurdini alinong'ona. "Zile mashine ndizo zinazowamaliza watu."

Basi, amekwisha! Tangu hapo Zamda hakumwamini mtu. Nesi akipita na sindano, anamkazia macho. Wauguzi wakicheka kwenye ukumbi, anajiuliza wanamcheka nani.

Kesho yake mchana waliruhusiwa kuingia. Wakavalishwa barakoa na makoti ya hospitali. Loo! Mabruki alikuwa amelazwa kifudifudi, uso umegeuzwa pembeni, oksijeni puani na mdomoni.

Zamda akahisi damu inamchemka. Tangu utotoni alifundishwa kwamba kulala hivyo si adabu. Kwao mgonjwa aliyezidiwa huelekezwa kibla. Huyu katupwa kama gunia la mpunga!

"Shika miguu," alimwambia Nurdini. "Tumlaze kama mtu."

Mabruki akatikisa kichwa. Hawakumwelewa. Wakampindua chali. Macho yakamtoka, kifua kikaanza kupanda na kushuka kwa shida. Mashine pembeni ikapiga kelele.

Nesi Leonia, aliyekuwa akihudumia kitanda cha pili, akaja mbio. "Nani kamgeuza?"

"Mimi, mkewe! Nyie mnataka kumfanya nini mume wangu?"

Leonia hakubishana. Alimgeuza Mabruki tena taratibu, akamwekea mto chini ya kifua. Kelele zikanyamaza. Ndipo akamshika Zamda mkono na kuuweka mgongoni mwa mgonjwa.

"Mama, sehemu kubwa ya mapafu iko huku nyuma. Akilala chali, moyo na tumbo vinayakandamiza, hewa haipenyi vizuri. Akilala hivi, yanafunguka. Ile namba kwenye mashine inaonyesha oksijeni kwenye damu. Uliiona ilivyoporomoka? Itazame sasa."

Zamda akaitazama. Namba ilikuwa inapanda. Aibu ikamshika, lakini shaka bado haikumtoka.

"Na hizo mashine zenu zinazoua?"

"Sitakudanganya, wapo wanaokufa," Leonia alijibu. "Hasa wanaoletwa wamechoka. Lakini kinachowaua ni ugonjwa. Akishindwa kabisa kuhema, tunampa dawa ya usingizi, mashine inampumulia, na mwili unapata muda wa kupambana."

Jioni Mabruki alichoka kuhema. Daktari akawaita, akasema sasa ni mashine ya kumpumulia.

"Hapana!" Nurdini aling'aka. "Tumrudishe, akafie kwake kwa heshima."

Zamda alimpenda mumewe, na aliogopa kuwa yeye ndiye atakayemtia kaburini.

"Shemeji, tulimgeuza kidogo tu ukaona," alisema. "Tukimtoa kwenye oksijeni, hafiki hata getini. Daktari, mwekeni. Lakini kila mnachomfanyia, mniambie."

"Ni haki yako, mama," daktari alisema.

Kila siku Zamda aliuliza, na kila siku alijibiwa. Leo wamemgeuza asipate vidonda. Leo wamemsafisha kinywa na kumnyonya makohozi. Leo wamepunguza nguvu ya mashine, wanaona kama ataanza kuhema mwenyewe. Alihema. Mpira wa mashine ukatolewa kooni.

Alirudi nyumbani amebaki mifupa. Kufika chooni ilikuwa safari. Ilibidi ajifunze upya kutembea, kidogo kidogo, na mazoezi ya kuvuta pumzi kama alivyoelekezwa. Ilichukua miezi.

Mama yake Anifa wa jirani alipougua, Zamda alikuta kwao moto wa nyungu unawaka.

"Anifa, zima hilo jiko! Mama yako anamaliza sentensi bila kupumzika?"

"Hapana, dada."

"Basi ita bajaji sasa hivi!"

Mama yule alipewa oksijeni mapema. Hakufikia mashine. Alirudi anatembea.

Anifa na mama yake walipokuja kushukuru, Mabruki alikuwa amekwishapata tena mdomo wake.

"Nyie hamjui," aliwaambia wageni. "Zamda aliwashuku manesi, sivyo? Mimi nilimshuku yeye! Nimelala, pumzi inaanza kuingia, mara mke wangu na ndugu yangu wananikamata miguu na mikono. Nikasema, kumbe wauaji ni hawa!"

Wageni walicheka. Zamda alicheka nao, kisha akajifunika uso kwa khanga akalia.

"Kama ungekufa, ungenisamehe, baba?" aliuliza.

"Ningekusamehe vipi," Mabruki alisema, "ningekuwa maiti."