Ekzosi ya Baba Kasuku

Kila asubuhi Mama Kasuku hutoa mikate kwenye tanuri la uani. Mumewe huipanga kwenye sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki. Binti yao hukaa katikati, baba mbele yake, sanduku nyuma yake, kofia ngumu kichwani. Kisha wanaondoka. Mkate unakwenda kwa wateja, mtoto anakwenda shuleni.

Kasuku si jina la kwenye cheti. Alipewa na mjomba wake kwa sababu ya mdomo. Mtoto huyo alianza kusema akiwa na meno mawili, na tangu hapo hajapumzika. Akimkumbatia baba yake kiunoni, humwaga habari zote njiani. Nani kagombana na nani. Nani kalia. Kwa nini kuku hana meno. Baba humjibu anayoyaweza, na asiyoyaweza humpelekea mkewe.

Basi ekzosi ya pikipiki ikatoboka. Ekzosi ni lile bomba linalotoa moshi wa injini. Kutu ilikuwa imeila kwa ndani kimyakimya.

"Nakwenda kutafuta nyingine," baba akasema.

"Mpitie kwanza mdogo wangu," mama akamwambia. Mdogo wake ni fundi pikipiki. "Atakushauri."

"Shemeji atanipigia hotuba mpaka jua lizame. Mimi nataka ekzosi, sitaki hotuba."

Akaenda dukani peke yake. Mchana mama alimsikia kabla hajamwona. Vifuniko vya sufuria vilitetemeka kwenye rafu. Baba akaingia uani na bomba jipya, fupi, linalong'aa kama kioo.

"Unaionaje?" akauliza akitabasamu.

"Ninaisikia," mama akajibu. "Zima."

"Muuzaji anasema inaongeza nguvu. Halafu fikiria, mama. Sina haja tena ya kuita 'mkate, mkate' mpaka koo likauke. Wateja watanisikia toka mbali, watoke wenyewe."

"Watatoka na mawe."

"Aa, wewe na utani wako."

"Nani kakwambia natania?"

Siku ya kwanza wateja walitoka kweli. Baba akarudi kifua mbele. Hakujua kwamba wengi walitoka kuangalia kumetokea nini. Siku zilizofuata wakabaki ndani. Mikate ikaanza kurudi na sanduku. Tena kila baba alipopunguza mafuta, bomba lilipiga pa, pa, pa, na vichanga wakaamka nyumba hadi nyumba.

Nyumbani nako mambo yakabadilika. Mama akisema neno, baba anajibu, "Eh?" Akirudia, baba anajibu, "Eh?" tena. Usipoita kwa nguvu humpati.

"Kuna mbu humu ndani?" baba akauliza siku moja wakila.

"Hakuna mbu."

"Mbona nasikia nziii sikioni?"

Mama akamtazama. Halikumpendeza jambo hilo. Na kulikuwa na jingine.

"Leo Kasuku kasemaje njiani?"

"Hakusema kitu. Siku hizi ametulia." Baba akacheka kidogo, lakini cheko halikufika machoni. "Hata kiuno hanishiki tena. Anasema anaegemea sanduku. Anakua mtoto wako. Mwishowe ataniona mimi mshamba."

Kasuku alikuwa palepale, anakula. Hakuinua macho. Mama alijua kwamba mtoto wake akinyamaza, kuna jambo.

Kesho yake baba alisahau mkate wa dada muuguzi, jirani wa mtaa wa pili. Muuguzi huyo hufanya kazi zamu ya usiku. Akirudi asubuhi hunywa chai na mkate, kisha hulala. Mama akauchukua mkate, akakata njia ya mkato, akampelekea mwenyewe.

"Sikuutarajia," muuguzi akasema, macho mekundu. "Shoga, nikwambie ukweli? Nilitaka kukwambia mnitoe kwenye wateja. Mkate wenu hauna kasoro. Ila lile bomba likishapita, usingizi wangu umekwisha. Nakwenda kuchoma watu sindano nikiwa nasinzia."

Kabla mama hajajibu, muungurumo ukasikika. Baba alikuwa akikata kona pale mbele, akiwa amechukua njia ndefu kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Mama akageuka kumpungia mkono. Mkono ukabaki hewani.

Kasuku hakuwa ameshika kitu. Viganja vyake viwili vilikuwa vimebana kofia ngumu, kulia na kushoto, pale penye masikio. Macho ameyafumba. Pikipiki ikalala kwenye kona, na yeye akalala nayo kama mzigo usiofungwa. Gurudumu likadunda kwenye shimo. Kasuku akateleza ubavuni, akajiweka sawa kwa magoti tu. Mikono haikutoka masikioni.

Mama aliita. Aliita kwa nguvu zake zote. Baba akapita bila kugeuka.

Mama alikimbia mpaka shuleni kandambili mkononi. Alipomwona Kasuku ameingia darasani salama, ndipo pumzi ilipomrudia.

Baba aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amesimama uani.

"Zima pikipiki."

Akazima.

"Unajua mwanao anashika nini njiani?"

"Sanduku."

"Anashika masikio. Nimemwona kwa macho yangu pale konani. Ameteleza, nimekuita, hukunisikia."

Baba akavua kofia. Akakaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Angeanguka," akasema mwishowe, "nisingesikia. Ningefika shuleni, nigeuke, nikute hayupo."

Mama hakumsuta. Alikuwa ameandaa maneno makali njia nzima, lakini yalimwishia. Akakaa kando yake, bega kwa bega.

"Kwa nini hakuniambia?" baba akauliza.

"Kwa sababu unalipenda bomba lako. Na yeye anakupenda wewe."

Baba akainuka. "Twende kwa shemeji. Leo nataka hotuba."

Walisukuma pikipiki hadi gereji. Fundi aliwaona, akaanza kujifuta grisi mikononi.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja kimya. Nilizoea kukusikia ukiwa bado nyumbani."

"Utanicheka baadaye," baba akasema. "Kwanza nieleze."

Fundi akamulika tochi mdomoni mwa bomba. "Chungulia. Unaona nini?"

"Naona mpaka ndani."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Hili ni bomba tupu. Ile ekzosi ya mwanzo, ya orijino, ndani ina vyumba na vibati vyenye matundu. Sauti inapita humo ikizungushwa, inatoka imechoka. Hapa inatoka na hasira zake zote."

"Lakini nguvu imeongezeka. Muuzaji kasema."

"Kelele imeongezeka, shemeji. Kwenye mlima na sanduku limejaa, inavuta vizuri kuliko zamani?"

Baba akafikiri. "Hapana. Inakohoa."

"Injini ndogo kama hii imepimwa na watengenezaji iende na bomba la aina yake. Ukiiwekea bomba tupu, mchanganyiko wa hewa na mafuta unaharibika. Tena hukuweka gasketi mpya, ile pete ya kuziba, hapa bomba linapoungana na injini. Hewa inapenya. Ndiyo hiyo pa, pa, pa."

"Kwa hiyo kila ekzosi isiyo ya orijino ni mbovu?" mama akauliza.

"Hapana, dada. Yapo makampuni mengine yanayotengeneza nzuri, na kwa bei nafuu. Ila uangalie. Iwe imetengenezwa kwa modeli ya pikipiki yako hasa. Matundu ya boliti yakubaliane bila kulazimishwa na nyundo. Iwe na kibati cha kukinga joto, mtoto asiungue mguu. Ndani iwe na kizuia sauti. Na kama kipo, usikitoe ili upate sifa mtaani."

"Na ya orijino?"

"Inakaa sawasawa na hudumu zaidi. Bei yake iko juu. Nayo ununue kwa wakala anayejulikana, maana kuna za kuiga. Kubandikwa sitika ya kampuni hakuizuii kupiga kelele."

"Dukani nitajuaje kwamba kelele imezidi?" baba akauliza.

"Waambie waiwashe. Simama na mtu umbali wa mkono mmoja, uzungumze naye kawaida. Mkilazimika kupayuka, iache. Inawadhuru masikio, na trafiki naye atakusimamisha kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo nziii unayoisikia, dada kanieleza, ndiyo masikio yanakulilia. Kapimwe. Usikivu ukishaliwa na kelele, haurudi."

Baba akamtazama mkewe. "Mama, tuchukue ipi?"

"Ya orijino," mama akasema. "Pikipiki hii inafanya kazi kila siku, na inabeba Kasuku. Nitapunguza mambo mengine."

Ekzosi iliagizwa. Walipokuwa wakiingoja, baba alimpeleka Kasuku shuleni kwa miguu, kisha akasambaza mikate kwa kuisukuma kwenye toroli. Siku ya kwanza Kasuku alitembea kimya mpaka getini.

"Nisamehe, mama yangu," baba akamwambia. "Nilikuwa nakuumiza masikio. Siku nyingine ukiumia, nipige mgongoni mpaka nisimame."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika usiponipiga."

Kasuku akavuta pumzi, akaanza kusema. Habari za majuma kadhaa zilitoka kwa pamoja. Kengele ililia akiwa hajafika hata nusu.

Kwenye zahanati baba alipimwa masikio. Aliambiwa amewahi, na kwamba mlio huenda ukaisha akikaa mbali na kelele. Fundi alifunga ekzosi mpya, na gasketi mpya. Akawasha pikipiki, kisha akawasimamisha Kasuku na baba yake kando ya bomba.

"Ongeeni kawaida."

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Hata nikinong'ona?"

"Usinijaribu."

Siku mbili baadaye, dada muuguzi alikuja uani, kanga begani, uso umekunjamana.

"Leo nimekosa mkate. Kapita saa ngapi huyo? Sikusikia kitu."

Mama Kasuku alicheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, wewe huridhiki."

Baba akakuna kichwa. Kumbe kazi ya kuita wateja ilikuwa bado inamngoja. Kasuku akaidaka. Siku hizi wakifika kwa mteja, baba anasimamisha pikipiki. Kasuku anashuka, anagonga mlango taratibu, anatoa mkate, anasalimia. Kwa muuguzi anagonga kwa kidole kimoja. Kisha anapanda tena. Baba haiondoi pikipiki mpaka ahisi mikono miwili imekutana kiunoni mwake.